Wimbo Uliosafishwa

Mwalimu Nalianya, mume wangu, alipatwa na kiharusi mwaka 2009, akanyamaza. Miguu ilirudi polepole. Mkono wa kushoto nao haukuwa na shida, kikombe alishika mwenyewe. Maneno ndiyo yaliyokataa. Na watu waliokuja kumjulia hali pale kwetu Kitengela wakaanza kumzungumzia akiwa amekaa hapo hapo mbele yao. "Mama Beverlyne, na huyu anakula?" Huyu! Mtu aliyewafundisha watoto wa Kajiado kuimba mpaka wazazi wao wakajua solfa bila kupenda! Niliwapa chai kwa adabu, na moyoni nikawaombea safari njema ya kurudi kwao.

Muuguzi mmoja kule kliniki, Mungu ambariki, ndiye aliyenipa njia. "Mama, mwimbie," akaniambia. "Kuna wagonjwa hupoteza maneno lakini nyimbo zinabaki ndani. Jaribu zile anapenda sana."

Nikaimba. Niliimba nyimbo za Krismasi, za Pasaka, za harusi, mpaka za mazishi, na nilipofika hizo za mazishi nikajionea aibu nikaacha. Mwalimu aliangalia dirisha. Kila wimbo ulipoisha nilimwangalia mdomo, na mdomo ulikuwa umetulia tu.

Ulibaki mmoja ambao sikuwa nimeuimba, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuuimba. "Mvua Imefika Isinya" aliutunga mwenyewe mwaka 1996, akifundisha Kajiado mjini, wiki ile mvua iliporudi baada ya ukame kumaliza ng'ombe wa majirani. Ulikuwa wimbo wa sauti nne, na zote alizipiga taipu kwenye mashine ya stafurumu, chumba cha walimu, do na re na mi, akitukana kila herufi iliyokwama. Nilijiambia hivi: kama hata huo hautamwamsha, basi nitakubali kwamba nitaishi na mtu aliyenyamaza. Niliogopa kuujaribu kama mtu anavyoogopa kufungua matokeo ya mtihani.

Waimbaji wa kwaya yetu walikuwa wametawanyika. Walioimba sauti ya tatu zamani, ile ya wanaume wa juu, wote walisharudi magharibi na mmoja tumemzika. Wapya walikuwepo, wakiongozwa na Odero, fundi wa maji mwenye kifua kipana, lakini kazi ilikuwa imempeleka Loitokitok yeye na wenzake, na wimbo huo walikuwa hawajawahi kuusikia hata siku moja. Nakala niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, imegeuka rangi ya chai. Ukiitoa fotokopi inatoka nyeusi tititi.

Nikaipeleka kwa Gathoni. Gathoni ni soprano wetu na mwenye saiba, duka la intaneti, pale barabara ya Namanga, mwanamke mwenye subira kuliko mimi, jambo ambalo si gumu.

"Nikiscan nitume picha, Odero hataifungua," akasema. "Network ya huko utalia. Lakini kwaya iko na page kwa wiki, si unajua?"

"Wiki gani?"

"Si wiki ya siku saba, Mama Bev! Ni website, kila mtu anaweza kuandika na kurekebisha. Ni maandishi tu, hata kwa simu inafunguka. Tutageuza hii karatasi ikuwe maandishi."

Nikavuta kiti. Akaipiga karatasi picha kwa mashine, kisha akafungua tovuti fulani humo humo kwenye kompyuta, akaipa ile picha. Tovuti ikafikiri. Nasi tukanywa soda. Halafu yakatoka maandishi, yamevishwa alama zinazotakiwa na wiki: mabano, nyota, na vijiti vya kusimama. Nikapiga makofi mapema. Kumbe wiki ikiona kijiti inakidhani ukuta, na solfa imejaa vijiti vya kugawa mapigo. Kila pigo likajengewa chumba chake, noti zikakaa ndani moja moja kama wapangaji wa ploti. Wimbo mzima ulionekana kama nyumba za kupangisha za Kitengela!

Gathoni akacheka, akaweka alama nyingine mwanzo na mwisho, za kuiambia wiki iyaache maandishi yalivyo. Kuta zikaanguka. Ikabaki shida ya uchafu. Karatasi ilikuwa na madoadoa ya chai, ya vumbi, na ya nzi walioishi na sisi tangu enzi hizo, na tovuti ilisoma kila doa kama nukta au koma.

"Kuna mahali pa kuclick isafishe picha kwanza," akasema.

"Safisha, mwanangu. Safisha yote."

Akasafisha. Ilitoka inang'aa kama sahani ya mgeni. Nilimkumbatia Gathoni mpaka mteja wa kompyuta ya pembeni akageuka. Jioni hiyo Odero alipiga simu kutoka Loitokitok kusema ukurasa umefunguka na wanaanza mazoezi, nami nikaenda chumbani nikamshukuru Mungu kwa magoti, ingawa goti moja halipendi.

Walikuja Jumapili mchana, kila mtu amejifunza sauti yake alikokuwa. Odero na wenzake walitoka Loitokitok alfajiri, wamebeba nyanya na vitunguu vya mashambani huko. Nilimtoa Mwalimu nje, nikamweka kwenye kiti cha mikono karibu na tangi la maji. Gathoni akatoa ufunguo wa sauti. Tukaanza.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Nilikuwa namwangalia yeye tu. Alituangalia kweli, si dirisha tena, lakini uso ulikuwa mtupu. Ubeti wa pili vilevile. Nikahisi alto yangu inaanza kutetemeka, nikajikaza. Mbele yetu kulikuwa na mahali pale ambapo mvua inafika, ambapo sauti ya tatu inapanda juu ya wote na kukaa huko. Kama kuna kitu kitamgusa, nilijua ni hapo.

Tukafika. Odero akavuta pumzi, akafungua kile kifua, na badala ya kupanda akashuka. Yeye na wenzake wote wakateremka mpaka jikoni kwa watu wa besi, wakakaa huko wakinguruma kwa furaha. Mvua ya Isinya ikaingia kwenye kisima.

Nikaelewa papo hapo. Katika solfa, noti ya juu huwekewa kialama kidogo begani. Mwalimu alikuwa ameviweka vialama hivyo kwa ncha ya kalamu, vidogo kama madoa ya nzi, nasi tulikuwa tumevisafisha pamoja na nzi. Odero aliimba alichoandikiwa. Mimi ndiye niliyesema isafishwe yote, na sasa nilikuwa nimemharibia mume wangu kitu cha mwisho nilichokuwa nacho.

Ndipo kiti kikalia. Mwalimu alikuwa anapiga mkono wa kiti kwa kushoto, kwa hasira, uso umekunjamana vilevile alivyokuwa akiwakunjia watoto wa darasa la saba. Kwaya ikakatika katikati. Akafungua mdomo. Kwanza ilitoka pumzi, halafu mkwaruzo, halafu ikatoka do ya juu, imepasuka pembeni lakini iko mahali pake kabisa, na maneno yakaifuata kama yalikuwa yanasubiri mlangoni:

"Mvuaaa... imefika..."

Odero, mtu mzima yule, alikuwa analia bila kujifuta. Kisha akaishika noti ile kutoka kwa Mwalimu na kupanda nayo, wenzake wakamfuata, na sisi wengine tukaingia popote tulipoweza. Mwalimu aliimba mpaka mwisho. Aliimba sauti ya tatu yote, kila neno, huku machozi yakinilowesha kitenge na Gathoni akisema "asante Yesu, asante Yesu" badala ya soprano.

Tulipomaliza, Mwalimu alikuwa bado anahema. Akageuza shingo polepole, akapita kwa Odero, akapita kwa Gathoni, akanifikia mimi. Nikamsogelea. Midomo ilihangaika, nami nikamshika mkono nikingoja, tayari kwa lolote litakalokuwa.

"Pili," akasema. Akapumzika. "Mko... chini."

Sauti ya pili, alto, ni yangu. Nikapiga magoti pale kwenye changarawe, nikamwambia asante, Mwalimu, nitarekebisha.