Urithi wa Upande wa Mama

Bonge alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, mtu wa maneno mengi na kitambi kinachomtangulia mlangoni. Dada yake alipomwita hospitali, alidhani anaitwa kubeba mizigo. Dada alikuwa ndiyo kwanza amemaliza matibabu ya saratani ya titi, nywele zikianza kuchipua.

"Kaa, mdogo wangu. Daktari ana neno na wewe."

"Na mimi?" Bonge akajishika kifua. "Haya yangu ni mafuta tu, dada!"

Dada akacheka hadi akashika mbavu. Daktari, mama wa makamo, naye akatabasamu, kisha akauliza, "Mama yenu alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Saratani ya titi," dada akajibu.

"Na baba yake?"

Bonge akakuna kichwa. "Babu alipata shida ya kukojoa, mgongo ukamuuma mpaka mwisho. Sisi tulisema uzee."

Daktari akaeleza polepole. Vipimo vya dada vilionyesha kasoro ya kurithi. Kwa mwanamke huongeza hatari ya saratani ya titi. Kwa mwanamume, ya tezi dume. Mama anaweza kumrithisha binti, na mwana vilevile.

Bonge aliduwaa. Siku zote aliamini hayo mambo ni ya ukoo wa baba, na baba hakuwahi kuugua. Mama walimzika zamani. Kumbe hakuwa ameondoka kabisa. Kitu kisichoonekana kwa macho kilitoka kwa babu, kikapita kwa mama, kikalala kimya katika damu ya watoto wake. Akajitazama vidole, vifupi kama vya mama, kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umri na damu hatubadilishi. Ila acha sigara, punguza kitambi, tembea, mboga ziwe nyingi kuliko nyama ya mafuta. Si kinga kamili, lakini mwili utakushukuru. Na usisubiri dalili. Mara nyingi mwanzoni hakuna. Tupime."

Wakampima. Majibu yakatoka baada ya wiki tatu: kasoro alikuwa nayo. Tezi dume yenyewe ilikuwa salama. Angerudi kila mwaka.

Jioni hiyo alimpigia kaka yao mkubwa, dereva wa lori, mtu asiyejua njia ya hospitali.

"Kaka, mama ametuachia urithi."

"Shamba?"

"Siyo shamba. Njoo."

Kaka alinung'unika wiki nzima, akaja. Madaktari wakampima, wakamkuta na saratani, changa, bado haijatoka nje ya tezi.

Baada ya upasuaji, Bonge na dada walimkuta kaka ameketi kitandani. Yule jabali aliyezoea kuwafokea alikuwa akilia waziwazi.

"Sikuwa nasikia chochote," alisema. "Hata maumivu. Ingekuwaje kama mngeninyamazia?"

Dada alimshika mkono mmoja, Bonge mwingine, wakakaa hivyo mpaka muuguzi akaja kuwaambia muda wa kutazama wagonjwa umekwisha.