Gari la Zimamoto Lililoungua Likiwa na Maji

Baraza la mji lilipouza gari letu la zimamoto, nilisimama kwenye kiti. Sisemi mbele ya kiti, nasema juu yake. Nikawataja wajumbe mmoja mmoja kwa jina lake na jina la baba yake, na nikaeleza kila baba alifanya nini mwaka wa mgomo wa kiwanda cha mashati. Clair Umholtz, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza, aligonga meza mpaka kikombe kikaanguka.

"Emil Hudock, shuka kwenye kiti cha umma!"

"Uza na kiti basi, si mnauza kila kitu!"

Tangu siku hiyo sikusema naye. Kerrick ni mji mdogo, umebanwa kati ya milima miwili na kilima cha vumbi la makaa, kwa hiyo kutosema na mtu ni kazi ya kutwa. Tumezika watu pamoja. Tumepanga foleni moja kusubiri chapati za viazi kwenye sherehe za kikosi cha zimamoto. Wapo wanaosamehe kwa kuwa wana roho nzuri, na wapo wanaosamehe kwa kuwa wamesahau. Mimi sina ugonjwa hata mmoja kati ya hayo mawili.

Miaka ikaenda, kiwanda kikafungwa, nikazeeka nikiwa bado nina hasira zangu zote, safi kama mpya. Ndipo nikasikia kwamba gari letu lipo, upande wa pili wa mlima, ghalani kwa mkusanyaji mmoja wa magari ya kale aitwaye Wilmer Shaffer. Nikaenda kuliona. Lilikuwa limepakwa rangi nyekundu upya, lakini ukiinama ukatazama mlango kwa pembeni, herufi za KERRICK bado zilikuwa zimevimba chini ya wekundu ule. Nililia. Shaffer alinipa kitambaa cha kufutia oili.

Nilipomwambia mke wangu Verna kwamba nalinunua, aliacha kumenya viazi.

"Utaliweka wapi, Emil? Kitandani? Mimi nihamie upande wa ukutani?"

Nilikuwa nimeshafikiria. Lile jengo la zamani la kikosi chetu cha kujitolea bado lina chumba kimoja kitupu, maana magari ya siku hizi ni marefu hayaingii. Gari lirudi lilipokuwa likilala. Hilo tu ndilo nililotaka duniani, na sijawahi kutaka kitu kwa nguvu namna ile tangu mgomo. Nikaenda kwenye mkutano wa kikosi, nikatoa hoja.

Wanachama wakaguna. Mmoja akasema, "Emil, hapa si jalala la vyuma."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nimesoma sheria za mikutano peke yangu, maktaba, kwa kamusi, nikaona nafasi ya kurekebisha hoja. Nikasema: gari likiingia Kerrick kutoka ghala la Shaffer kwa magurudumu yake lenyewe, lipewe chumba. Likija limebebwa mgongoni mwa lori, hata hatua moja, basi ni chuma chakavu na nitalipeleka nyumbani kwangu. Nikadai iandikwe neno kwa neno. Wote walijua namlenga nani, kwa sababu lori pekee wilaya nzima linaloweza kubeba mzigo ule ni la Clair Umholtz.

Umholtz, naye mwanachama, akainua mkono taratibu kama mtu anayenunua tiketi ya bahati nasibu.

"Naunga mkono."

Ikapita.

Asubuhi ya kulichukua, Shaffer alikuwa amejaza tangi kunionyesha kwamba halivuji. "Sasa mwaga maji kabla hujaondoka," akasema. "Hiyo ni karibu tani mbili, na mlima unaujua."

"Kwetu gari la zimamoto haliingii nyumbani tangi tupu."

"Mzee, unalipeleka kuegeshwa, huendi nalo kuzima moto."

Angekuwa mtu wa kwetu asingesema hivyo. Kerrick, anayeliegesha gari bila maji hununulia kikosi kizima bia, na jina lake huimbwa vibaya mpaka Krismasi. Nikapanda. Nikavaa kofia ya ngozi ya zimamoto. Peke yangu, barabara kuu, mzee wa miaka sabini na kitu, kofia kichwani, nikipiga kengele kwenye kila kijiji.

Kupanda mlima tulipanda vizuri, kwa gia ndogo, na nyuma yangu kulikuwa na msururu wa magari yanapiga honi. Nilidhani wananishangilia. Kileleni nikaona aibu kuwachelewesha mashabiki wangu, nikabadilisha gia. Gia ile ikatoka, nyingine ikakataa kuingia. Basi tukaanza kushuka, mimi, gari, na tani mbili za maji zikinisukuma mgongoni. Nilikanyaga breki kwa uzito wangu wote. Zilishika, zikashika, zikaanza kunuka, halafu zikaacha kushika. Namshukuru aliyechimba njia ile ya kokoto pembeni ya barabara kwa ajili ya malori yaliyoshindwa. Niliingia humo kama mtu anayeingia kwenye uji.

Injini ikazimika, ikagoma kuwaka tena. Nikashuka. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa linawaka moto.

Hebu nifikirieni nilivyosimama pale. Nina gari la zimamoto. Lina pampu, lina mipira ya kurushia maji, limejaa maji pomoni. Linaungua. Na pampu haizunguki bila injini. Nikavua kofia ya ngozi, nikafungua koki ya chini ya tangi, nikawa nachota kwa kofia na kumwaga, nachota na kumwaga, huku natukana baraza la mji.

Kikosi cha bondeni kikafika na gari lao jipya linalong'aa. Kamanda wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, akanitazama mimi, akatazama gurudumu.

"Baba, gari lako linaungua."

"Naliona."

"Tangi lina maji?"

"Limejaa."

Akavua kofia yake, kwa heshima. "Tukuzimie sisi?"

"Zimeni."

Wakazima kwa dakika chache. Halafu wakapiga picha, wamenizunguka, wananishika mabega. Mmoja aliniomba nivae kofia tena.

Polisi wa barabara akasema gari haliwezi kubaki kwenye kokoto, akaita lori. Sikuuliza la nani.

Umholtz akashuka, akavuta suruali juu, akalizunguka gari mara moja bila haraka.

"Emil."

Nikatazama miti.

"Hata leo? Sawa. Basi mtu ambaye hayupo hapa anisaidie kushika mnyororo."

Nikashika mnyororo. Tukalipandisha. Ndani ya lori lake alikata mkate wake wa nyama nusu kwa nusu, akaweka nusu katikati yetu. Niliutazama vijiji viwili. Kisha nikaula, nikitazama dirishani.

"Nitakushusha kwenye makaburi, juu ya mji," akasema. "Uingie kwa magurudumu yako. Mimi natangulia polepole, wewe niegemee kwa bampa. Nitakuwa breki yako."

Nilipaswa kukataa. Lakini kutoka pale ulikuwa unauona mnara wa jengo la kikosi. Nikapanda. Injini ikakubali. Tukashuka barabara kuu ya Kerrick, pua ya gari langu imeegemea mgongo wa lori la Umholtz, na watu wakatoka madukani wakipiga makofi. Mpaka kinyozi alitoka na mteja mwenye povu shavuni.

Jioni mkutano ukaitwa. Dottie Sabol, mwenyekiti wa kikosi, akauliza kama masharti ya hoja yametimizwa.

"Linanuka kama bata aliyesahauliwa ndani ya jiko," mtu akasema. "Emil, ulikuja nalo vipi?"

Kabla sijafungua mdomo Umholtz akasimama. "Mimi nilikuwa mbele yake. Magurudumu yake yalikuwa chini, yanazunguka. Wote mliona."

Kila neno lilikuwa kweli. Mikono ikaanza kuinuka. Chumba kilikuwa changu. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kukaa na kufumba mdomo, jambo ambalo mbuzi anaweza.

Nikajikuta juu ya kiti.

"Utaratibu, mwenyekiti! Huyo anawadanganya kwa ukweli! Gari limebebwa! Kutoka mlimani mpaka makaburini, mgongoni mwa lori lake! Na mkate wake nimekula!"

Dottie akavua miwani.

"Emil, unapinga hoja yako mwenyewe?"

"Napinga kupewa sadaka na Clair Umholtz!"

"Kaa chini, mjinga wewe," Umholtz akanong'ona, "walikuwa wanakupa."

"Sitaki kupewa! Nataka haki!"

Nikaipata. Ikasomwa hoja yangu, neno kwa neno kama nilivyodai, pamoja na yale maneno ya hata hatua moja. Upande wa ndiyo uliinuka mkono mmoja, na haukuwa wangu.

Sasa gari liko uani kwetu. Limeziba dirisha la jikoni, na Verna anaanika mashuka kwenye ngazi yake. Anasema ndiyo kamba bora aliyowahi kuwa nayo. Wiki iliyopita nilianza kutoa upepo kwenye breki. Ile kazi ni ya watu wawili, mmoja akanyage pedali juu, mwingine alegeze nati chini. Nilikanyaga, nikashuka, nikatambaa chini ya gari, nikakuta pedali imesharudi, nikapanda tena. Verna alinitazama kati ya mashuka mawili, akaingia ndani, na nilimsikia anapiga simu.

Lori likasimama mlangoni. Umholtz hakubisha hodi. Alilala chali kwenye nyasi zangu, akajivuta mpaka zikabaki buti tu nje.

"Kanyaga," akasema kutoka chini.

Nilifikiria mambo mengi ya kumjibu, mengine nimeyatunza tangu siku ile ya baraza.

Nikakanyaga.

"Shikilia hapo hapo. Usiachie, Emil."

"Nimeshika."