Taa Nyekundu Maana Yake Simama

Asubuhi ambayo kamati ya shule ilipanga kuja kukagua chumba cha tiba ya usemi, mwenye chumba aliamka hana usemi. Mafua yalimkaba mama wa watu hata sauti yake ikawa kama bawaba isiyotiwa mafuta. Watoto walimwita Mama Matamshi, kwa kuwa kwa miaka sita aliwafundisha wenye ndimi nzito kutamka, na wasioweza kutamka akawatafutia njia nyingine ya kusema. Sasa Mwenyekiti wa kamati alikikodolea macho chumba hicho. Alitaka kukigeuza ghala la viti vya mikutano, ila tu kama angeona kwa macho yake faida ya tiba yenyewe.

Shahidi wa pekee wa Mama Matamshi alikuwa binti wa miaka tisa, aketiye katika kiti cha magurudumu. Viungo vyake vyote vilimkaidi isipokuwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Kwa sababu hiyo wenzake walimpa jina la Kidole, naye akalipenda. Juma lile alikuwa ameletewa mashine ya kusemea, kisanduku chenye vitufe vinne vya picha: bilauri, choo, mto wa kulalia na kiganja kilichonyoshwa. Kitufe kikibonyezwa, hutoa maneno yaliyorekodiwa. Aliyekosekana ni wa kuyarekodi.

"Nitasema mimi," alijitolea Mwalimu Mkuu, mzee mwenye sauti nzito ya besi, ambaye kwake Kiswahili kilichopinda kilikuwa dhambi ndogo. Akaipokea karatasi ya sentensi nne, akaisoma, akavua miwani. "Mama, hii ya mwisho imeandikwa 'sitaki'. Mtoto mwenye adabu hasemi 'sitaki'. Husema, 'Ahsante, nimetosheka.'"

"Na asipotosheka je, Mwalimu?" alikwaruza Mama Matamshi. "Naye ana haki ya kukataa!"

"Pumzisha koo, mama."

Mama Matamshi akakionyesha kijitaa chekundu cha mashine, akijitahidi kueleza kwamba kikiwaka ndipo aseme.

"Taa nyekundu naijua tangu hujazaliwa," Mwalimu Mkuu akamkatiza. "Niachwe peke yangu."

Baada ya nusu saa alitoka uso umemnawiri. Kidole akakabidhiwa mashine yake wakati wa mapumziko, akajaribu vitufe vyote, kisha akacheka hata kwikwi ikamshika. Mama Matamshi, aliyekuwa akifagia upande wa pili wa ukuta, alisikia kicheko tu, akadhani ni furaha ya kitu kipya. Kabla hajapata nafasi ya kuisikiliza mashine, kamati iliingia. Mwenyekiti alitangulia, na palepale akajitwalia biskuti kutoka katika sahani ambayo Mwalimu Mkuu aliiacha mezani aliporekodi.

Alihutubia kwa muda mrefu, akimeza makombo. Mwishowe akasema, "Haya, aombe maji tumsikie."

Kidole akabonyeza bilauri. Sauti ya besi ikanguruma, "Suruali hii nayo! Nimenenepa mimi, au imenywea yenyewe?"

Wajumbe wakatazama dari. Mwalimu Mkuu akaangalia suruali yake.

"Ni hitilafu ndogo," alikwaruza Mama Matamshi. "Jaribu choo, mwanangu."

"Yule Mwenyekiti," ikanguruma mashine, "akianza kusema hana breki!"

Mama Matamshi aliomba ardhi ipasuke immeze, yeye na mashine yake.

"Mwalimu Mkuu," Mwenyekiti akauliza polepole, "hiyo si sauti yako?"

"Inafanana," Mwalimu Mkuu akajibu.

"Basi yametosha! Mashine irudi ilikotoka, na viti vyangu viletwe hapa." Akamwinamia Kidole, akatabasamu kama anayemuuliza paka. "Au unasemaje, binti? Tuichukue?"

Kidole hakucheka safari hii. Kidole chake kilipita bilauri, kikapita choo, kikaruka mto, kikatua juu ya kiganja.

"Sitaki! Sitaki hata kulisikia!"

"Alaa! Lakini ni amri ya kamati."

"Sitaki! Sitaki hata kulisikia!"

"Hutaki kwa sababu gani?" Mwenyekiti akafoka, biskuti ya pili mkononi.

Binti akaikazia macho biskuti ile, kisha akabonyeza mto.

"Nani huyu anayezimaliza biskuti zangu?"

Mjumbe mmoja akapaliwa na cheko. Mwenyekiti akairudisha biskuti sahanini, na hapo ndipo alipotambua kwamba alikuwa akibishana na mtoto asiyesema, na kwamba alikuwa ameshindwa.

"Mama," akasema kwa unyonge, "chumba ni chako. Viti nitavitafutia pengine." Kama wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, ni kwa kuwa hawakumjua binti huyu.

Kamati ilipoondoka, Mama Matamshi alimgeukia Mwalimu Mkuu. "Mwalimu, ulikuwa ukisema lini?"

"Taa ilipozimika! Nyekundu ni simama, dunia nzima! Ilipowaka niliacha kusoma, nikawa najisemea yangu."

"Na hiyo 'sitaki'?"

Mzee akajikuna kidevu. "Nilikuwa nalikataa neno lako."

Wakakubaliana kurekodi upya. Mwalimu Mkuu akanyosha mkono aichukue mashine, akisita kidogo. "Hiyo ya kukataa iache, imefanya kazi. Ila ya suruali, mwanangu, naomba tuifute."

Kidole akamtazama kwa upole, akabonyeza kiganja.