Kengele ya Kipanga

Samwol aliwasikia watu wa vipanga, watunzaji wa ndege wa kuwindia, wakivunja mitungi kwa jirani, ungo ukamponyoka mkononi. Kipanga mmoja, mwenye kengele mkiani, alikuwa amepotea, naye alikuwa tunu ya kupelekwa kwa mfalme wa Yuan, kule China. Ndege hao walikula kuku wa kijiji kizima na hakuna aliyethubutu kuwarushia hata kokoto.

Lakini Samwol hakuogopa ndege. Mfalme huyo alitaka wasichana pia, na binti yake, Yeondan, alikuwa amejikunyata ndani ya mtungi mtupu, katikati ya mitungi ya mchuzi wa soya.

"Mama Yeondan, usitazame huko," mumewe Doksoe alinong'ona. "Macho yako yatatuuza."

Mkuu wa vipanga akaingia, amenyoa utosi na kusuka nywele mikia miwili kama watu wa Yuan. Kijiji kizima kilijua mama yake aliuza tofu pale kivukoni, lakini nani wa kumwambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri?

"Mzee, ndege yuko wapi?"

"Hatujamwona, bwana."

"Haya, vunjeni!"

Mtungi wa kwanza ukapasuka, soya ikamwagika uani. Rungu likainuliwa tena.

"Nimemuua mimi!" Doksoe akapiga kelele. "Alikula kuku wangu, nikampiga gongo. Tumemla."

Samwol akaelewa, na moyo ukamchanika. Adhabu ya kumuua kipanga ilikuwa kukatwa kichwa.

"Mmemla!" Mkuu akacheka. "Kwa chumvi au chukuchuku? Na kengele yake?"

"Nimeitupa mtoni."

Rungu likateremshwa bila kuvunja kitu. Wakamfunga kamba, na Samwol akalia kwa sauti, kilio cha kweli kabisa. Lakini moyoni alikuwa akimsihi mumewe atembee upesi, awatoe watu wale uani. Aliona haya kwa sala hiyo, na hakuiacha.

Walikuwa wamefika langoni kengele ilipolia juu ya msonobari. Kipanga alikuwa ametua tawini, mzima wa afya, kengele mkiani, anajichambua manyoya.

Mkuu akamtazama ndege, akamtazama Doksoe, kicheko kikafutika usoni.

"Mtu hajitafutii kifo bure," alisema. Akachukua rungu mwenyewe na kurudi uani, taratibu, mpaka mbele ya Samwol.

"Mama," akamwuliza kwa upole, "mitungini mna nini?"