Fimbo Iliyongoja Sababu

Fimbo ya mzee Maige ililala peke yake kwenye sakafu ya saruji ya boma, na mbali na yeye mwenyewe, hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua kwamba ilikuwa ikingoja kitu.

Kwao, katika baraza la mtemi, kila mwenye shauri hulaza fimbo yake mbele ya wazee kabla hajafungua kinywa. Hukumu ikitoka, mzee mmoja husimama na kumweleza aliyeshindwa: umeshindwa kwa hili na kwa hili. Aulize, ajibiwe; abishe, ajibiwe tena, hata jua lizame. Akitosheka, au akichoka, huinama akaiokota fimbo yake kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ndipo shauri huwa limekwisha. Kazi hiyo ya kusimama na kueleza ilikuwa ya Maige kwa miaka mingi. Watu walisema afadhali kushindwa mbele ya Maige kuliko kushinda mbele ya mwingine.

Leo yeye ndiye aliyeshindwa.

Shauri lenyewe lilikuwa la kivuko. Mwaka ule wa hamsini na mbili, sotoka, ile tauni ya mifugo, ilisikika ikiteketeza ng'ombe ng'ambo ya mto, katika utemi wa jirani. Mtemi akaamuru mpaka wake ufungwe, kama walivyofanya watemi waliomtangulia. Vijana, wakiongozwa na Mageni, mwana pekee wa Maige, wakakata migunga, wakajenga uzio wa miiba kivukoni na kuulinda kwa zamu. Basi akatokea mchuuzi mmoja wa nyama, aliyekuwa akiswaga ng'ombe kupitia Kharumwa kwenda kuwalisha wachimbaji dhahabu wa Geita, akashitaki. Baraza la mtemi likamkatalia na kumweleza sababu mpaka akaokota fimbo yake. Fimbo aliiokota, ndiyo, lakini rufaa akaipeleka kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Mtemi akamtuma Maige bomani amsemee, naye akalaza fimbo yake kama wafanyavyo kwao.

Karani Marselino, kijana wa misheni mwenye kaptula iliyonyooka kwa pasi, akasoma karatasi.

"Rufaa imekubaliwa. Uzio uondolewe mara moja."

Maige akangoja. Karani akaikunja karatasi.

"Endelea, mwanangu."

"Imeishia hapo, mzee."

"Kwa nini mtemi asilinde mpaka wake?"

"Haikuandikwa."

"Bwana Shauri haamini kwamba kuna sotoka? Au anaamini, ila nyama ya mgodini ina uzito zaidi? Niambie lolote. Mimi si mbishi. Nikielezwa, nitaubomoa mwenyewe."

Marselino aliutupia jicho mlango uliofungwa, akashusha sauti. "Hata mimi niliuliza, mzee. Nikaambiwa kazi yangu ni kusoma."

Kisha akainama, akaiokota ile fimbo, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Maskini, hakujua alichokitenda. Maige aliipokea kwa kuwa mtoto wa watu hakuwa na kosa, lakini alijiona kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wakwe.

Habari ilimtangulia. Alipofika mnadani watu walimzingira, kila mtu na lake. Mmoja aliapa kwamba mchuuzi ametoa mlungula. Mwingine alisema serikali inataka kuwanyang'anya watemi madaraka kidogo kidogo. Mwingine akanong'ona kwamba wakubwa wanataka ng'ombe wafe, ili vijana wakose pa kushika na wakimbilie mashimoni Geita.

"Wametuona watoto," alisema Ngassa, jirani yake. "Na mtoto, ukimpokonya kisu, humwambii kwa nini."

Walimtazama Maige awaambie lipi ni kweli na lipi ni porojo. Hakuweza kukanusha hata moja, na hilo lilimchoma kuliko hukumu yenyewe.

Jua likielekea magharibi, alifika kivukoni. Mageni alikuwa ameketi na wenzake kando ya uzio.

"Mwadila, baba," akamsalimu.

"Mwadila. Ondoeni miiba. Tunabomoa."

"Kwa nini?"

Halikuwa swali la utovu wa adabu. Lilikuwa malezi. Katika mji wa Maige, mtoto aliyekatazwa kwenda ngomani aliambiwa kisa, na ng'ombe hakuuzwa kabla vijana hawajaelezwa. Maige alifungua kinywa. Angeweza kudanganya kwamba serikali italeta chanjo. Angeweza kusema sijui, ambayo ndiyo iliyokuwa kweli. Lakini vijana wote walikuwa wamemkodolea macho, na aibu ya bomani ilikuwa bado moto kifuani.

"Kwa sababu nimesema," akajibu.

 Mageni akainama, akaanza kung'oa miiba kwa mikono mitupu, na hakuuliza tena. Jioni alipokuja kula, vidole vyake vilikuwa vimechanika. Mama yake, Paskazia, alimwosha kwa maji ya moto.

Ng'ombe wa mchuuzi wakavuka. Baadhi walikuwa wakitiririkwa na machozi na makamasi, na watu walisimama kando wakiwatazama tu. Kabla mtama haujatoa masuke, zizi la Maige lilikuwa limenyamaza. Alikufa dume, wakafa mitamba waliotengwa kwa mahari ya Mageni, akafa hata yule ndama mwenye baka jeupe ambaye Paskazia alimnywesha uji kwa kibuyu. Asubuhi Paskazia bado alitoka na chombo cha kukamulia, akafika mlangoni mwa zizi, akakumbuka, akarudi.

Asubuhi moja Mageni alisimama uani na kifurushi begani.

"Naenda Geita, baba. Mgodini."

"Kwa nini, mwanangu?"

Alitamani ajibiwe. Aseme ni njaa, aseme ni ng'ombe, aseme hata ni wewe, baba. Neno lolote ambalo mtu angeweza kulishika na kulijibu.

"Nimekata shauri," alisema Mageni.

Akapiga goti, akailaza fimbo yake ya kuchungia miguuni pa baba yake, taratibu, kama wanavyoilaza barazani. Akamkumbatia mama yake, akaondoka.

Paskazia alilia. Kisha akajifuta kwa upindo wa khanga, akainama aiokote ile fimbo.

"Iache, Mama Mageni."

"Itakaa hapo mpaka lini?"

 Maige alijikongoja akasimama wima, kama alivyosimama mbele ya watu wengi walioshindwa, akakohoa kusafisha koo.

"Uliniuliza kwa nini," akaanza. "Sababu sikuwa nayo. Walininyima, nami nikaona haya kukwambia kwamba nimenyimwa. Ndiyo maana nilikujibu vile. Wewe hukuwa na kosa lolote."

"Baba Mageni, mtoto ameshavuka mto," Paskazia alisema kwa upole.

Maige aliendelea hata hivyo, kwa sauti ile ile ya barazani, akaeleza yote tangu karani alipokunja karatasi, hakubakiza kitu. Alipomaliza, akangoja fimbo iokotwe.