Prosesa Wawili Mlangoni

Asubuhi moja ya Julai, ukungu ukiwa bado umeshika migomba ya Namswea, Sixbert alimimina chai kwenye kikombe, akavuta kiti, akaiamsha prosesa ya pili ya kompyuta ya chama cha ushirika. Kompyuta hiyo ilikuja na prosesa mbili. Tangu inunuliwe, moja ilifanya kazi na nyingine ililala, kama ilivyo katika ofisi nyingi. Mfumo endeshi aliuandika Sixbert mwenyewe, mpaka kiini chake, na hakumwomba mtu ruhusa.

Kioo kilisema prosesa ya pili imeamka. Kisha kila kitu kikaganda.

Alizima, akawasha. Kikaganda palepale. Akachukua bisibisi, akafungua kasha la kompyuta. Mahali pa prosesa palikuwa patupu. Alipogeuka aliwaona wamesimama kwenye mlango wa chumba cha mizani: watu wawili wanaofika gotini, wamevaa suti za rangi ya sufuria, wanatazamana kwa heshima. Walikuwa wanatoa joto. Wakulima waliokuwa kwenye foleni walishasogea kuota.

"Hawa ni wa kwako?" aliuliza Xaveri, mkulima wa mbele kabisa.

"Wa kwangu."

"Waambie wapishe njia, basi."

Sixbert aliitambua hitilafu. Prosesa wawili hawatakiwi kuingia mahali pamoja kwa wakati mmoja, maana mmoja atafuta alichoandika mwenzake. Kwa hiyo alikuwa ameandika kanuni: wakikutana mlangoni, mdogo aamkie, mkubwa aitikie, ndipo waingie mmoja baada ya mwingine. Alilelewa vizuri, akaona na kompyuta ilelewe hivyo. Ila hawa walitoka kiwandani siku moja. Kila mmoja alijihesabu kuwa ndiye mkubwa, akasimama kungoja shikamoo.

Pale ofisini hitilafu hiyo haikuwa ngeni. Nje kwenye kibaraza, Bibi Notburga alikuwa amekalia magunia yake ya kahawa tangu Jumatatu kwa sababu hiyohiyo. Meneja Hamphrey, kijana wa miaka thelathini na moja aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, hakumgongea muhuri mtu ambaye hajamwamkia, na bila muhuri gunia halipandi mizani. Bibi Notburga alikuwa na miaka sabini na nne. Lori la mwisho la msimu lilikuwa linaondoka kwenda Mbinga saa tisa alasiri, na yale magunia yalikuwa mavuno yake yote ya mwaka.

"Bibi, mwamkie tu yaishe," alisema Xaveri kupitia dirishani.

"Nimwamkie? Mtu ambaye hata mama yake ningemwita mwanangu?"

Matilda, karani aliyehamia kutoka Shinyanga, aliinua macho kutoka kwenye simu yake. "Fundi, umezaa mapacha hukuwapa majina, halafu unategemea waelewane. Kwetu anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Waandike hivyo, tuendelee na kazi."

Sixbert alirudi kwenye kibodi, akaandika mstari mmoja.

"Shikamoo," alisema prosesa wa kulia.

"Marahaba," aliitikia wa kushoto.

Wakaingia. Foleni ambayo ingekula siku nzima ikaisha chai ikiwa bado ya moto.

Sixbert aligonga mlango wa meneja. "Shikamoo, bosi. Hitilafu imeisha. Tumetaja mkubwa ni nani, basi."

"Safi sana. Na humu ndani mkubwa anajulikana. Mwambie bibi yako namsubiri."

"Na yeye anakusubiri."

"Basi tunasubiriana. Mimi nina kiti."

Saa tisa lori liliondoka. Manyunyu yalianza kabla halijafika kwenye kona. Kulwa na Doto, ambao hawakuwa na kazi tena, walitoka kwenye kasha wakaenda kukaa kibarazani, mmoja kila upande wa Bibi Notburga.

"Shikamoo, bibi," walisema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mmekula?"

Walisema wanatumia umeme. Waliegemea magunia, na mvuke ukaanza kupanda kutoka kwenye kahawa. Haikuvunda. Haikufika Mbinga pia.

Jioni baridi ilizidi. Meneja Hamphrey alitoka akisugua viganja, akamnyooshea Kulwa mikono ili aote. Kulwa akapoa, akawa kama bati la alfajiri. Akamtazama meneja kwa heshima, akingoja.

Meneja akamgeukia Sixbert. "Ana nini huyu?"

"Ndivyo nilivyomwandika, bosi. Yeye ndiye Kulwa."

Meneja alitazama ukungu, akatazama vidole vyake.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba," alijibu Kulwa, aliyeanza kuitwa mkubwa asubuhi ileile, akapata moto.

Hamphrey aliota mikono mbele na nyuma mpaka akatosheka. Kisha akageuka kurudi ofisini. Bibi Notburga alikunja miguu ili apite, halafu akainyoosha tena.