Mguu wa Kulia wa Mwalimu Breki

Tumpe mtu haki yake kwanza: mjini pale hapakuwa na mwalimu wa udereva aliyemfikia Breki. Mwenyewe alilijua hilo, na kama wewe hulijui alikuwa tayari kukueleza mpaka chai ipoe. Madereva wa mabasi, wa magari ya wagonjwa, mpaka yule anayempeleka meya kazini, wote walishika usukani kwa mara ya kwanza yeye akiwa ameketi kando yao. Ila jina la Breki alipewa na wanafunzi, na wala halikuwa la sifa. Gari la mafunzo lina pedali za ziada upande wa mwalimu, na mguu wake wa kulia haukuwa na subira hata chembe. Paka akitokea ng'ambo ya barabara, breki. Mwanafunzi akipiga chafya, breki.

Zamani kilikuwa kichekesho tu. Lakini siku ya mtihani mtahini huketi kiti cha nyuma, mwalimu hubaki pale pale mbele, na sheria haina huruma: mwalimu akigusa pedali, mwanafunzi ameanguka, hata kama alikuwa anaendesha kama malaika. Mwaka ule wanafunzi wa Breki walianguka mmoja baada ya mwingine, na kosa halikuwa lao. Mwishowe mkuu wa shule akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Kaka, nakuheshimu sana," akasema. "Ila akianguka mwingine kwa sababu ya huo mguu, nakutoa garini. Utafundisha alama za barabarani, darasani."

Darasani! Yeye, Breki, ashike fimbo aoneshe picha ukutani! Alitoka pale damu inamchemka. Na aliyefuata kufanya mtihani, jamani, alikuwa mama mkwe wake.

Bibi huyo alihamia kwa Breki na mkewe baada ya kufiwa na mumewe, akaja na gari la marehemu. Siku moja akasema haliwezi kukaa uani linaota kutu ilhali yeye ana mikono miwili na macho yanayoona. Nani angethubutu kumkatalia? Basi Breki akamfundisha kwa gari la shule, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Wanafunzi wengine aliwafokea, roho ikatulia. Mama mkwe unamfokeaje? Kila alipotaka kupiga kelele alizimeza, akasema, "Vizuri, mama, jaribu tena," na zile kelele zote zikateremka mguuni. Usingizi ukapotea. Kichwa kikawa kinagonga tangu asubuhi.

Mkewe akamkokota hadi zahanati. Nesi akampima presha, akampima tena, akaguna.

"Mzee wangu, dawa nitakupa. Ila kila asubuhi keti dakika chache, fumba macho, ufuate pumzi inavyoingia na kutoka. Mawazo yakija usigombane nayo. Yaache, urudi kwenye pumzi."

"Kukaa tu? Hiyo nayo ni tiba?"

"Ijaribu kwanza, ndipo unicheke."

Basi ikawa mashindano. Kama kuna watu wanaokaa na kutulia, yeye angetulia kuwashinda wote. Asubuhi akaketi kwenye kigoda chumbani, mgongo wima, macho kayafumba, akaanza. Kumbe mtu hawezi kuiacha kazi yake mlangoni.

"Ingia taratibu," akaiamuru pumzi kimoyomoyo. "Taratibu nimesema! Haya, simama." Akaibana. "Sasa toka. Mbona unakimbia? Rudi tuanze upya!" Haikuchukua muda chumba kikaanza kuzunguka, akajishika kitandani asianguke.

Mama mkwe alikuwa anapita mlangoni na nguo za kuanika. "Baba, kulikoni?"

"Natulia, mama."

"Huko ndiko kutulia? Mishipa ya shingo imekusimama yote!"

Alirudi zahanati amekasirika, akaeleza kila kitu. Nesi alicheka mpaka akaegemea meza.

"Umeifundisha pumzi udereva! Mzee wangu, hiyo inajiendesha tangu ulipozaliwa, hata ukiwa umelala fofofo. Wewe kaa kiti cha abiria, uitazame tu."

Abiria! Hakuna neno lililomkera zaidi maishani. Lakini alifikiria lile darasa, fimbo na picha ukutani, akakaa tena. Asubuhi nyingine alijikuta anamtungia mkuu wake matusi, tena mazuri, mpaka akakumbuka pumzi. Akarudi. Mara nyingine akasinzia. Akarudi. Siku moja, katika kutazama tu bila kuamuru, akahisi kitu cha ajabu: mguu wake wa kulia ulikuwa umekandamiza sakafu kwa nguvu zote. Chumbani! Juu ya kigoda! Hakuna gari, hakuna paka, na mguu unashika breki. Breki akaona aibu, kisha akacheka peke yake. Tangu hapo akawa anaulinda. Akagundua kwamba kabla haujakanyaga, kigimbi hukaza kwanza, kidogo sana, na akikihisi mapema akapumua, hulegea chenyewe.

Siku ya mtihani mama mkwe alivaa viatu vya kufunga, akasogeza kiti, akatazama vioo, akaondoa gari. Nyuma mtahini alikuwa ameshika kalamu yake. Mambo yalikwenda murua hadi walipofika karibu na soko, ambapo mkokoteni uliojaa magunia ulimponyoka mwenyewe ukateremka barabarani, mbele yao kabisa.

Kigimbi kikakaza. Breki akaihisi pumzi imekwama kifuani, akaiacha itoke, na katika nafasi hiyo ndogo akatazama mahali ambapo miaka yote hakuwahi kupata muda wa kutazama: mguu wa mwanafunzi. Mama mkwe alikuwa ameshauona mkokoteni kabla yake. Mguu wake ulikuwa tayari kwenye breki, unakanyaga polepole, kwa uhakika. Gari likasimama bila hata kushtuka. Mwenye mkokoteni akaudaka, akapunga mkono kuomba radhi, na mama mkwe akaingiza gia ya kwanza wakaendelea. Breki alihisi fahari mpaka machozi yakamlenga, na hakujali nani anaona.

Waliporudi mtahini alisema, "Mama, umefaulu." Kisha akainama mbele. "Mwalimu, mimi nakujua. Leo nilikuwa nautazama mguu wako kuliko barabara. Pale sokoni nikasema kwisha habari. Umeuzuiaje?"

Breki hajawahi kukosa jibu la kujisifu, na siku ile alikuwa nalo tele mdomoni. Akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Sikuuzuia," akasema. "Palikuwa na dereva."

"Umesikia?" Mama mkwe akamgeukia mtahini kwa furaha. "Mwalimu wa mji mzima ameniita dereva! Andika hilo kwanza, halafu fungeni mikanda, niwapeleke."